Maji Hayafiki Ghorofa ya Saba

Ukimwita kwa jina lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, hageuki. Si kiburi, ni mazoea. Kituoni kwao cha zimamoto wanamwita Mama Nozeli, na nozeli ni ule mdomo wa shaba unaofungwa mwisho wa mpira wa maji, ambao ameushika kwa miaka ishirini na mbili. Mikono yake ni minene kuanzia kiwiko hadi kiganja, na akikusalimia kwa furaha utaionea huruma mifupa yako. Mdomo wake yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, haujawahi kufungwa koki.

Alipoandikwa kazi alikuwa mwanamke pekee. Mkuu wa wakati ule alimtazama juu chini, akamkabidhi birika. "Wewe utatuchemshia chai." Haya, akachemsha. Siku ya kwanza akatia chumvi kidogo. Siku ya pili akaongeza. Wanaume wakakunja nyuso na kunywa, wakidhani maskini wa watu ndivyo anavyojua. Wiki ya tatu walikwenda wenyewe kumwomba mkuu, jamani, huyu dada apewe kazi yoyote nyingine kabla hajatuua. Akapewa mpira. Walijua utamwangusha, na kweli ulimwangusha, maana mpira wenye presha una ubishi wa punda aliyekataa mzigo. Ulimbwaga matopeni mara mbili mbele ya kikosi kizima. Mara ya tatu aliukalia. Habari za birika zikaishia hapo.

Kazi aliisoma kwa macho. Shule aliiacha katikati, lakini alijua jambo ambalo wenye vyeti wengi hulisahau, kwamba hewa si mahali patupu. Askari wapya aliwafundisha uwanjani, bila ubao wala chaki. Mmoja alimjaza kokoto mkono mmoja na unga mkono wa pili. "Rusha! Nguvu ileile, huku na huku." Kokoto ziligonga geti kule mbali. Unga ulikwenda hatua mbili, ukasimama hewani, ukamrudia mwenyewe usoni. Wenzake wakaangua kicheko.

"Mnacheka nini?" aliwauliza. "Nani kaushika unga pale? Mmeona mkono? Ni hewa. Kila kinachorushwa, hewa inakizuia, na kikienda mbio zaidi inakizuia zaidi. Kizito kinapenya. Chepesi kinakamatwa papo hapo. Sasa maji yakitoka kwenye nozeli ni kokoto. Yakipanda, hewa inayapasua matone, na matone yanapasuka tena, mpaka yote yamekuwa unga. Na unga wa maji hauzimi moto, mnanisikia? Unaupa moto jasho tu."

Tena alikuwa na ugomvi wake na vitabu. Vitabuni njia ya kitu kilichorushwa huchorwa kama upinde mzuri, umepanda huku na kushuka kule sawasawa. Mama Nozeli anaapa kwamba katika maisha yake hajawahi kuuona upinde huo. Maji yanapanda kwa mbwembwe, yanachoka, kisha yanaanguka karibu wima, na yanaangukia karibu zaidi kuliko karatasi ilivyoahidi. Ukiwa na upepo wa mbele, ndiyo usiseme.

Lakini msidhani ubishi wake ulitoka hewani. Miaka kumi na mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, ghala la nguo liliwaka moto mchana kweupe, na mlinzi wake akanaswa ghorofa ya sita. Ngazi ya kikosi hufika ya nne. Mama Nozeli alishika mpira, akaelekeza maji juu kwa nguvu zote za pampu. Ukuta wa ghorofa ya sita ukalowa, ukang'aa kwa jua, na umati wote chini ukapiga kelele: "Yamefika! Yamefika!" Yule mlinzi aliutoa uso wake dirishani, kwenye manyunyu, kinywa wazi. Alikuwa ananyeshewa huku anaungua. Alikufa pale pale, na Mama Nozeli akimtazama, na maji yakimwagika. Mama Nozeli alilia siku tatu. Ya nne alikasirika, na hasira ile hajaitua mpaka leo.

Maana kulikuwa na desturi, desturi ya kipumbavu, na watu wa zimamoto wanaijua hata kama hawapendi kuisema. Jengo likikaguliwa, maji yalirushwa kutoka nje, watu wakatazama juu, na mtu akasema: "Ukuta umelowa, jengo limepita." Fomu ikasainiwa, watu wakaenda zao kunywa soda. Mama Nozeli alipopandishwa cheo kuwa mkaguzi, akaanza kuweka ndoo tupu ndani ya dirisha la juu. Dakika moja ya maji, halafu twende tukaitazame ndoo. Loo, mafundi wa watu wakamzoea! Wakawa wanamficha mwenzao ndani ya chumba na jagi, anaijaza ndoo taratibu. Akawafuma mara mbili. Basi akaachana na ndoo. "Kuanzia sasa nitaweka moto," alisema. "Moto hauna rafiki."

Ndipo ikaja hosteli ya chuo cha uuguzi. Ghorofa saba, rangi ya maziwa, madirisha ya kioo, na juu kabisa vitanda sitini vya wasichana. Ngazi ya kupandia ni moja tu. Kwenye ramani ya kwanza kulikuwa na bomba la zimamoto la kupanda ndani ya ukuta, kutoka chini hadi ghorofa ya saba, lenye koki kila ghorofa. Kwenye ramani ya pili bomba limetoweka. Mahali pake palibandikwa karatasi ya hesabu: kwa presha hii na kasi hii, maji yakirushwa kutoka uani yanafika mita thelathini kwenda juu. Dirisha la ghorofa ya saba liko mita ishirini na mbili. Kwa hiyo, iliandika karatasi kwa adabu, bomba la ndani halihitajiki. Chini yake kulikuwa na sahihi ya mhandisi wa Mkandarasi aliyelijenga jengo hilo.

Na mhandisi huyo alikuwa nani? Mtoto wa kaka yake! Kaka alipofariki, Mama Nozeli ndiye aliyemchukua kijana akiwa na miaka sita, akamlea kama wa kumzaa, akamsomesha mpaka akavaa joho. Nyumbani walimwita Profesa tangu akiwa na kamasi, kwa sababu alikuwa akihesabu ngazi, anahesabu vijiko, anahesabu hata mara ulizopiga chafya. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza.

Alikuja Jumamosi asubuhi, akamkuta shangazi yake uani anafua sare.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa kwenye hiyo ndoo, usilowe. Umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya Mkandarasi?"

Kijana akacheka kidogo, cheko la mtu aliyefumwa. "Shangazi nawe. Nimekuja kukueleza tu. Hesabu nimeirudia mara nne. Haina kosa. Tena tumebakiza mita nane za ziada."

"Za ziada za nani?"

"Za usalama."

Mama Nozeli akaikamua suruali mpaka ikalia. "Mwanangu, hiyo hesabu yako, hewa umeiweka wapi?"

"Hewa?" Profesa akajikuna shingo. "Ile huwa tunaipuuza. Ndivyo tulivyofundishwa. Ukiiweka, hesabu inakuwa ngumu mno."

"Alaa! Kwa hiyo umeipuuza kwa sababu ni ngumu."

"Shangazi, Mkandarasi amesema usiposaini, wa kwanza kufukuzwa ni mimi. Nakuomba. Umenilea wewe. Utanivunja mguu ndiyo kwanza naanza kutembea?"

Hapo moyo ulimuuma, nisiwafiche. Alimtazama yule kijana aliyekalia ndoo na suruali yake ya ofisini iliyopigwa pasi, akaona bado ana makalio ya mtoto. Alitaka kumkumbatia. Badala yake aliitupa sare kwenye kamba. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," akasema. "Mimi nilishalia ya kwangu. Jumanne njoo kwenye jaribio. Na uje na viatu vya kupandia ngazi."

Jumatatu akaitwa na Mkuu wa kituo. Huyu ni mtu mpole, mpole wa ile namna inayotisha, anayekukaribisha kiti kabla ya kukukata shingo. Alimweleza kwamba yeye Mama Nozeli amebakiza miaka miwili kustaafu, kwamba jengo lina wakubwa wake, kwamba ukuta ukilowa hakuna wa kuuliza.

"Hewala haigombi, Mama," alimalizia.

"Wala haizimi moto, Mkuu."

"Stoo kuna kiti kinakungoja. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu, nalijua. Bora livunjike langu hili, lishazeeka, kuliko la msichana anayeruka kutoka ghorofa ya saba." Akapiga saluti, akatoka.

Siku ya jaribio Mkandarasi alikuwa ameweka hema, viti na spika. Mkuu wa chuo cha uuguzi alikuwepo, mama mmoja mnyamavu mwenye miwani, na wageni wengine wa kuja kupiga makofi. Gari la zimamoto likaegeshwa uani, hatua zake zote zimepimwa kama karatasi ilivyotaka. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Mpira alikabidhiwa askari mwenye nguvu kuliko wote kikosini, wanamwita Tembo. Pampu ikanguruma, maji yakapanda meupe, marefu, mazuri kwa kweli, na ukuta wa ghorofa ya saba ukalowa. Makofi! Spika ikapiga muziki. Mkuu wa kituo akaileta fomu na kalamu imeshafunguliwa kabisa.

"Bado," alisema Mama Nozeli. Akaweka kidole kwenye mstari wa tano wa fomu, herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma: mkaguzi anaweza kufanya jaribio lingine lolote analoona linafaa. "Mimi naona linafaa. Juu nimeweka nusu pipa karibu na dirisha, na ndani yake kuna godoro moja. Godoro kama watakalolalia wasichana. Nakwenda kuliwasha. Ninyi lizimeni kutoka hapa."

Muziki ukakatwa. Mkandarasi akasimama, jasho likimtoka kwenye kola. "Huu ni uchokozi! Kila mtu ameona maji yamefika!"

"Basi usiwe na wasiwasi, ndugu yangu. Yatazima." Akamgeukia mtoto wa kaka yake. "Profesa. Twende."

Wakapanda. Ghorofa ya tatu kijana alikuwa anahema. Ya tano aliacha kuhesabu ngazi. Ya saba waliingia chumba kitupu cha zege, kinanuka rangi mpya, na alama za penseli sakafuni mahali vitakapokaa vitanda. Mama Nozeli alikagua ndoo zake tatu za mchanga, akafungua dirisha, akafunga kitambaa chenye maji usoni, akamfunga na kijana. Kisha akawasha kiberiti.

Godoro halicheki na mtu. Kwanza moshi mweupe, halafu mweusi, halafu ulimi wa moto ukalamba ukingo wa pipa. Akasema kwenye simu ya upepo: "Tembo, leta."

Maji yakaja. Kutoka chini yalikuwa fimbo nyeupe. Waliyaona yakikwea, ghorofa ya tatu, ya nne, na pale yakaanza kufumuka, kuwa manyoya, kuwa moshi wa maji. Yaliyofika dirishani yalikuwa rasharasha. Yaliwagusa nyuso, baridi, laini, kama ukungu wa asubuhi. Nyuma yao moto uliendelea na kazi yake.

"Ongeza presha!" alipiga kelele kwenye simu.

"Imefika mwisho, Mama!" akajibu Tembo.

"Inamisha nozeli kidogo! Haya, inua! Chini tena!" Hakuna pembe ambayo hakumwambia aijaribu. Hakutaka mtu aje kusema kesho kwamba alifanya hila. Maji yalipanda, yakachoka palepale, yakamwagika chini kwa wima.

Profesa alinyoosha mkono wake wote nje ya dirisha, kiganja juu, akauacha hapo. Akaurudisha ndani na kuutazama. Ulikuwa na unyevu, basi. Tone la kuweza kudondoka halikuwepo. Moshi ukamwingia, akakohoa mpaka akashika magoti.

"Mita nane za ziada," alisema. "Shangazi, karatasi ilisema mita nane za ziada."

"Karatasi haina hewa. Hapa ipo."

"Tuliambiwa tuipuuze."

"Haya," akasema Mama Nozeli, na machozi yalikuwa yakimtiririka, ya moshi au ya yule mlinzi, hata yeye hakujua. "Ipuuze basi. Nakungoja."

Kijana alichukua ndoo ya mchanga mwenyewe, akaimwaga juu ya pipa, akachukua ya pili, na ya tatu, mpaka moto ukafa. Walishuka wakiwa weusi kama wachoma makaa.

Chini, Mkandarasi alikuwa ameshapata maneno. Alisema godoro lilikuwa la mafuta. Alisema ukuta umelowa, wageni ni mashahidi, na mwanamke huyu ana chuki na maendeleo. Mama Nozeli alimsikiliza mpaka akaisha pumzi.

"Nitasaini," alisema. "Nitasaini sasa hivi, kwa wino, kwa sharti moja. Hamia wewe ghorofa ya saba, na mkeo, na wanao wote. Mlale pale mwaka mmoja. Lete magodoro yenu."

Yule mama wa chuo akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, akamkazia Mkandarasi macho akingoja jibu. Mkandarasi akageuka kuangalia spika zake.

Basi Mama Nozeli akaichukua fomu. Kwenye kisanduku cha mkaguzi akaandika neno moja kwa herufi kubwa, HAYAFIKI, akapiga sahihi yake mpaka karatasi ikatoboka. Mkuu wa kituo akaipokea kwa upole wake uleule. "Si neno," alisema. "Nitateua mkaguzi mwingine. Sahihi ya mhandisi bado ipo kwenye hesabu."

"Naomba hiyo hesabu," alisema Profesa.

Akapewa, maana walidhani anataka kuitetea. Aliiweka juu ya bodi ya gari, akachomoa kalamu, na kwa kidole chake cheusi cha masizi akashikilia karatasi isiteleze. Alikata mstari mmoja kuanzia juu hadi chini. Akaandika pembeni: "Hesabu hii ni ya mahali pasipo na hewa. Nimeikosea mimi. Naiondoa." Akasaini, akaweka tarehe, akampa yule mama wa chuo mkononi, hakumpa Mkuu wala Mkandarasi.

"Kesho usije kazini!" Mkandarasi alipayuka.

"Hata leo nilikuwa naondoka," alijibu kijana.

Mama Nozeli hakumpongeza. Alimvuta kwa sikio, mbele ya wageni wote, kama alivyokuwa akimvuta alipokuwa na miaka saba, akamfuta masizi kwenye paji la uso kwa kiganja chake kigumu. "Kichwa hiki," alisema. "Kichwa hiki nilikilisha mimi!" Na alilia waziwazi, asijali nani anatazama.

Walilipa wote wawili, nisiwadanganye. Yeye alihamishiwa stoo wiki ileile, akawa anahesabu helmeti na kugombana na panya. Profesa alikaa bila kazi miezi tisa, akila kwa shangazi yake, na usiku mmoja mmoja walinuniana kama mke na mume. Ila hakukaa bure. Alinunua daftari, akairudia ile hesabu upya, na hewa ndani yake, ngumu vilevile kama alivyosema. Ilimchukua kurasa kumi na nne. Shangazi yake alizipitia kurasa zote bila kuelewa hata moja, akatazama jibu la mwisho, mita kumi na tano, akasema, "Hilo hata mimi ningekwambia." Jengo lilisimama tupu. Mkandarasi alitafuta mkaguzi mwingine, lakini yule mama wa chuo alikuwa na karatasi, na kila aliyemjia na kalamu alimwonyesha. Mwisho walivunja ukuta mpya wenye rangi ya maziwa na kupitisha bomba, kutoka chini hadi juu, koki kila ghorofa.

Hakuna aliyemwalika Mama Nozeli kwenye ufunguzi. Alikwenda mwenyewe, siku chache baadaye, jioni, akitoka kazini na sare yake ya stoo. Alisimama ng'ambo ya geti na kutazama juu. Dirisha la mwisho lilikuwa wazi, na msichana mmoja alikuwa amejiegemeza pale anasuka nywele zake, anamcheka mtu aliyekuwa ndani.

Mlinzi wa geti akamjia. "Mama, hapa hairuhusiwi kusimama. Ni wazazi tu. Una binti humu?"

Mama Nozeli hakusogea hata kidole.

"Ninao sitini," alisema. "Ghorofa ya saba."